"Kujaza fomu tu, pesa yote hiyo?": jibu letu kwa wastaafu wanaorudi kuishi Unguja

Ofisi yetu huwaandalia watu maombi ya kibali cha ukaazi, na lalamiko hili tumelizoea, linabadilisha mdomo tu: "Fomu zenyewe ziko mtandaoni, mtu anajaza mwenyewe usiku kitandani. Nyinyi mnatoza za nini?" Safari hii limetoka kwa mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Unguja, aliyestaafu Uingereza na sasa ana pasi ya huko. Kibali chake kilichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia, akachoka, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la jamaa kwamba tumemla pesa. Heshima yake iko pale pale na jina lake silitaji. Ila maneno yakishafika Maskati na Toronto yanarudi hapa ofisini kwa simu za watu wanaouliza kama kweli sisi ni wezi, kwa hiyo bora nieleze mara moja.

Mzee huyu hakuja kwetu alipokuwa anapanga kuhama. Alikuja ameshahama. Kontena la vyombo limeshashushwa, nyumba ya Jambiani imeshapigwa rangi, na yeye na mkewe wanaishi kwa viza ya matembezi mwaka wa pili huo.

Viza ya matembezi ya kawaida ni dola 50, unaingia mara moja na huruhusiwi kupitisha siku 90. Wenye pasi ya Marekani hulipa dola 100, nayo ni ya kuingia mara nyingi kwa miezi 12, lakini kila ukiingia hesabu ni ile ile, siku 90 zisizidi. Wengi wakishaona "miezi 12" hawasomi tena mbele. Njia ya mkato wanayopeana wastaafu barazani ni hii: siku zikikaribia kwisha, unatoka kwenda Mombasa, unalala usiku mmoja au miwili, unarudi unakata viza mpya. Anayekufundisha atakwambia yeye amefanya hivyo miaka na hakuna aliyemgusa.

Haya, tupige hesabu yake. Viza mpya, dola 50. Bima ya lazima ya wageni wanaoingia Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024, ni dola 44, na hudumu siku 92 tu, kwa hiyo nayo unaikata upya. Kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya, kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024, dola 30 na ushei. Hizo ni kama dola 125 kwa mtu mmoja hata boti hajapanda. Kwa mwaka anatoka mara nne, inakuwa dola 500, na kwa mume na mke 1,000. Weka juu yake boti ya Dar, basi la Tanga, foleni ya Horohoro, gesti ya Mombasa, na mgongo wa mtu wa miaka sabini na kitu. Pesa zote hizo zimenunua matembezi. Hata siku moja ya ukaazi haimo.

Na siku yenyewe inafika. Ofisa wa mpakani anafungua pasi, anapekua kurasa, anaona mihuri imepangana kama tasbihi, anauliza kwa upole tu: "Mzee, matembezi gani haya yasiyokwisha?" Ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kukuandikia siku chache kuliko ulizoomba. Mama mmoja mteja wetu, aliyerudi kutoka Canada, aliandikiwa siku zilizomtosha kufunga virago na kuagana na watu. Alitupigia simu analia, na kila alichokuwa nacho duniani kiko ndani ya nyumba ya Bububu.

Sasa rudi kwa mzee wetu. Ombi lake la kibali lilikwenda Uhamiaji na swali likiwa limeshajiandika lenyewe ndani ya pasi: muda wote huu ulikuwa unaishi kwa ruhusa gani? Ikabidi barua ya kujieleza, ikabidi vielelezo vya ziada, ikabidi kuitwa na kuitwa tena ofisini kwao Kilimani. Huo ndio muda anaotudai sisi.

Utaratibu wa kibali cha ukaazi si siri. Daraja la A ni la wawekezaji na waliojiajiri, Daraja la B ni la walioajiriwa, Daraja la C ni la wasiokuja kwa biashara wala mshahara: wanafunzi, watafiti, wanaojitolea, na humo humo ndimo wanamoingia wastaafu. Mstaafu mwenye pensheni yake anayetaka kukaa, kuswali, kuvua samaki na kulea wajukuu, njia yake ni C. Lakini C haikuruhusu kupangisha vyumba kwa watalii, hata viwili, hata kama nyumba ni kubwa na inakuuma kuiona tupu. Tumeshawahi kuletewa bwana mmoja aliyekuwa na kibali safi kabisa cha C na tangazo la vyumba vyake kwenye mtandao, na picha yake mwenyewe akitabasamu mlangoni. Mwenye nia ya kufanya biashara aseme mapema, tumtengenezee njia ya biashara.

Ipo na njia ya wanunuzi wa nyumba. Asiye raia akinunua nyumba au fleti ya dola 100,000 au zaidi kwenye mradi ulioidhinishwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, anapata kibali cha ukaazi yeye, mwenza wake na watoto hadi wanne walio chini ya miaka 20. Neno la kushika hapo ni mradi ulioidhinishwa. Kuna familia ilinunua nyumba nzuri kwa mtu binafsi, bei yake imepita kiasi hicho kwa mbali, ikaja kwetu na mkataba wa mauziano ikiuliza kibali kinachukuliwa dirisha gani. Hakuna dirisha. Walilipa zaidi na wakapata kidogo, kwa sababu dalali aliwaambia "ukinunua tu unapewa".

Hapa tufike kwenye ardhi, maana ndiko machozi mengi yanakotoka. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Ardhi si jambo la Muungano. Kibali cha kuishi unapewa na Idara ya Uhamiaji ya Jamhuri ya Muungano, haki ya matumizi ya ardhi ya Unguja na Pemba inatawaliwa na sheria ya Zanzibar ya mwaka 1992, na sheria hiyo inampa haki hiyo Mzanzibari. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari akiwa mtu mzima, uraia wa Tanzania umemtoka. Hata kama amezaliwa Mnazi Mmoja na babu yake amezikwa Makunduchi, mbele ya afisa wa ardhi ni mgeni, na mgeni hupitia ukodishaji na uwekezaji.

Wanachofanya watu ni kumuandikisha mpwa. "Ni mtoto wa dada yangu, nimemsomesha mimi." Karatasi inaandikwa mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, mashahidi wanatia saini, pesa zinatoka Maskati au London, na jina linalobaki ni la mpwa. Mpwa hata akiwa mwema, akifa wewe uko hai, warithi wake ni mkewe na watoto wake, si wewe. Tuliwahi kumsindikiza mjomba mmoja kwenye kikao cha familia ya namna hiyo. Amekaa kwenye ukumbi alioujenga mwenyewe, vigae kachagua mwenyewe Dubai, anaombwa na mjane wa mpwa wake aseme atahama lini. Hakuna fomu ya kuitengeneza hali ile. Sisi si mawakili wa ardhi, na hilo tunawaambia wateja siku ya kwanza; tunachofanya ni kumzuia mtu asitoe pesa kabla hajaonana na wakili. Na amuulize pia kuhusu miti, maana hapa kwetu shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na minazi iliyomo ni ya mwingine.

Tangu mwanzoni mwa 2025 simu zimezidi kwa sababu ya hadhi maalum. Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine wapewe hadhi yao. Ni jambo jema na tumelisubiri sana. Lakini si uraia pacha: halikupi pasi ya Tanzania wala kura. Na Sheria ya Ardhi iliyorekebishwa ni Sura ya 113, ya Tanzania Bara. Mtu anasoma habari akiwa Maskati, anamtumia kaka yake pesa za kiwanja cha Paje jioni ile ile, kumbe alichosoma kinahusu Bagamoyo.

Haya, fomu. Ni kweli iko mtandaoni, na kontroli namba, ile namba ya kulipia serikalini, unaitoa mwenyewe, na ada ya serikali inakwenda serikalini moja kwa moja; sisi haipiti mikononi mwetu na risiti inatoka kwa jina lako. Kazi tunayotoza ni ya kabla ya fomu. Chukua jina tu. Mzanzibari wa rika lile ana jina lake, la baba na la babu. Alipofika Ulaya akaambiwa lazima awe na jina la ukoo, likaandikwa la baba, na karani akaliandika alivyolisikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Salum Khamis Juma, pasi inasema Salim Hamisi, cheti cha ndoa kinasema Salum bin Khamis. Tarehe ya kuzaliwa kwenye pasi ni 1 Januari, kwa sababu ofisini kule walitaka tarehe na yeye alijua mwaka tu. Kwako wewe huyo ni mtu mmoja. Kwa anayepokea faili ni watu watatu. Hapo panahitajika hati ya kiapo iliyoandikwa sawasawa, barua ya sheha, na mara nyingine siku nzima kwenye usajili wa vizazi kutafuta daftari la zamani. Ukituma bila hayo mfumo unapokea, haulalamiki, halafu faili linakaa kimya.

Cheti cha polisi cha tabia njema nacho kina utaratibu wake. Kinatoka nchi unayoishi, na kina umri: ukikichukua mapema mno kinaonekana kikuukuu, ukichelewa unakifuata tena London ilhali umeshakaa Jambiani. Cheti cha ndoa cha mke asiye Mtanzania kinataka kuthibitishwa ungali huko, ubalozi ukiwa vituo vichache vya treni. Akishafika hapa, muhuri ule ule unamgharimu tiketi ya ndege au kumsumbua mtoto aombe ruhusa kazini. Kwa hiyo tunaposema anza mwaka mmoja kabla ya kuhama, hatujitafutii kazi. Kazi ya mtu aliyeanza mapema ni nyepesi na tunaitoza kidogo. Faili la kuokoa mtu tunalitoza zaidi, na bei zote mbili zimebandikwa ukutani kwa shilingi, kama zinavyotaka kanuni za Benki Kuu za Machi 2025.

Pensheni watu hawaiulizi, tunaiuliza sisi, maana ndiyo kielelezo cha kipato. Pensheni ya serikali ya Uingereza inalipwa hata ukiishi Zanzibar, lakini haipandi tena kila mwaka kama inavyopanda kwa aliyebaki kule; inasimama pale ulipoondokea. Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii, ina makubaliano na Uingereza na wastaafu wake wanaongezewa. Sisi hatuna. Aliye Canada ajue kwamba pensheni ya uzee ya huko humfuata nje moja kwa moja iwapo ameishi kule miaka 20 baada ya kutimiza miaka 18. Akipungukiwa, hukatika baada ya miezi sita. Bima ya wazee ya Marekani kwa kawaida hailipi matibabu ya nje, na Uingereza ukishahama kabisa haki ya hospitali za bure inaondoka nawe. Mwenye sukari au mwenye kusafishwa figo asipange kuhama kabla hajajua dawa yake inapatikana wapi na kwa bei gani.

Mzee wetu kibali kimetoka, yeye na mkewe. Bado hazungumzi nasi, na kundi la WhatsApp halijapewa taarifa.

Mwenye kutaka tumuangalizie, atutumie picha ya ukurasa wa mbele wa pasi na kurasa zote zenye mihuri, cheti cha kuzaliwa hata kama kimechanika, cheti cha ndoa, na barua ya karibuni ya pensheni. Kuangalia na kukwambia ukweli hatutozi. Ijumaa tunafunga saa tano na nusu, na tafadhali, tiketi ya kwenda tu usiikate kabla hatujazungumza.