Hizo diski mbili usiziunganishe kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi ni wazima. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya dada yako, unisamehe, hilo tutalizungumza. Leo naandika mbiombio kwa sababu Mwalimu kaniambia kwenye kompyuta yako mpya unataka kuunganisha diski mbili za NVMe (zile nyembamba za kasi zinazochomekwa kwenye bodi kuu) kwa RAID 0, yaani zifanye kazi kama diski moja, ili mbio ziwe maradufu. Tafadhali, ngoja kwanza.

Mimi nilifanya hivyo, kwa diski za kuzunguka. Kila faili kubwa hukatwa vipande, hiki huku, kile kule. Moja ikifa, vilivyobaki havisomeki. Yangu moja ilianza kulia tik, tik, tik. Nikatega sikio kwenye kasha, moyo ukanidunda. Zile sauti za bibi akisimulia, ulizonisaidia kurekodi, zilikuwa mle. Diski ya pili ni nzima mpaka leo, iko hapa mezani, na haina simulizi hata moja inayosikika.

Na mbio zenyewe? NVMe moja ya PCIe 4.0 (njia ya data kwenye bodi, kizazi cha nne) husoma hadi megabaiti 7,000 hivi kwa sekunde. SSD ya SATA, ile diski isiyozunguka inayounganishwa kwa waya, hugota kwenye 550 hivi. Ukiunganisha mbili utanufaika ukinakili video kubwa, lakini kuwasha kompyuta na kufungua programu hutaona tofauti ya maana, maana pale kinachosubiriwa ni vifaili vidogo vidogo, na kule kusubiri hakupungui.

Mimi ningepanga hivi: moja iwe ya Windows na programu, ya pili video unazohariri kwa wakati huo. Kazi zilizokwisha ziende kwenye diski kubwa ya kuzunguka, ila isiwe ya SMR. Zile huandika njia za data zikilaliana kama vigae, na ukizijazia vitu vingi kwa mkupuo huzidiwa. Halafu moja ya nje: unachomeka, unanakili, unachomoa. Hiyo ya kuchomoa ndiyo ninayokuomba zaidi. Hata RAID 1, ile inayoandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili, haitoshi, kwani ukifuta kitu kwa bahati mbaya kinafutika pande zote mbili papo hapo.

Lo, na kijitabu cha bodi kisome! Bodi nyingine ukijaza nafasi ya pili ya M.2 (pale NVMe inapochomekwa), baadhi ya matundu ya SATA yanazimika. Nilimaliza jioni nzima nikibadilisha waya ambazo hazikuwa na kosa.

Sasa niambie, umeshanunua au bado? Kasha linapitisha hewa? NVMe ikipata joto sana hujipunguzia mwendo. Picha za watoto ziko wapi saa hizi, mahali pamoja tu? Na zile sauti za bibi, hazikubaki hata kidogo kwenye simu yako ya zamani? Itafute, nakuomba, hata kama kioo kimevunjika.

Ni mimi, swahiba wako