Kwa familia za askari waliorudi vitani

Ndugu zangu, salaam. Wengi mmeniuliza faraghani jinsi ya kumwamsha mtu anayepiga kelele usingizini. Naomba tusiende kumtikisa. Mwili wake bado uko vitani, na anaweza kukurushia ngumi kabla hajakutambua. Simama mbali kidogo, washa taa, mwite kwa jina lake, mwambie wewe ni nani na yuko wapi. Akishatulia, usimhoji. Mpe maji, kaa naye.

Mshtuko akisikia mlango ukibamizwa, kukwepa watu, hasira za ghafla, kukaa kama hana hisia: hizo ni dalili za kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na vita. Siyo woga, wala hakuacha kutupenda. Na kina tiba. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe husaidia wengi, mara nyingi kwa vikao 8 hadi 15 hivi. Wiki za mwanzo huwa ngumu, kwa hiyo tusimwache akate tamaa mapema. Pombe humpa usingizi wa saa chache tu, kisha jinamizi huzidi.

Hili nalisema kwa uzito: akianza kusema ni mzigo kwenu, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kama kuna silaha nyumbani, iondolewe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Jumamosi tunakutana kama kawaida. Wake na akina mama, njooni hata kama yeye hataki kuja. Nanyi mmechoka.