Barua kwa mwanangu Atupele

Uyole, Jumapili jioni

Mwanangu Atupele,

Tangu uliponipigia jana sijatulia. Umesema semina ya Dar utakwenda na basi la usiku, tiketi ya ndege umeikataa kwa sababu ya Bukoba. Kisha kwa sauti ileile ukaniambia Njombe baridi imezidi, unalala na jiko la mkaa chumbani. Mwanangu!

Bukoba tuliiona wote kwenye televisheni. Novemba 6, 2022, watu 43 ndani ya ndege, 19 wakafia ziwani. Majeneza yakapangwa uwanja wa Kaitaba, nchi nzima ikalia. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema barabarani hufa watu kama milioni 1.19 kila mwaka. Wengi huondoka mmoja mmoja, hulia ukoo wao tu, basi sisi wengine hatushtuki. Mteremko wa Kitonga na kona zake unaujua. Panda ndege. Na leo kanisani nimeshawaambia akina mama kwamba mwanangu anapandia ndege Songwe, nimesema nikiwa nimenyanyua kichwa.

Ila kinachoninyima usingizi ni jiko. Utasema mkaa umeshakolea, hauna moshi. Hapohapo ndipo unapoua: unatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa hewa safi. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kisha usingizi unakuelemea, huna hata nguvu ya kufika mlangoni. Umesoma mpaka chuo, halafu unaziba kwa kanga upenyo wa chini ya mlango!

Ulipokuwa na miezi minne, mwezi wa saba, uliamka umelegea kama mlenda, unatapika. Watu niliwaambia ni homa. Jiko lilikuwa karibu na kitanda, dirisha nimeliziba kwa gunia. Baba yako hajui mpaka leo.

Litoe nje, Atupele. Vaa soksi, jaza chupa maji ya moto uifunge kwenye kitenge, ulale nayo. Nitapiga saa tatu usiku nisikie mwenyewe kwamba jiko liko nje.

Viazi tumevuna, bei bado mbaya, nusu nimeweka mbegu. Goti la baba yako linamsumbua, dawa hataki, mkaidi kama wewe. Nimekutumia kiroba cha viazi kwa basi la kesho asubuhi, blanketi liko juu. Kiroba chenyewe ni cha jirani, mrudishie kondakta huyohuyo.

Mama yako