Nimenunua nyumba Glasgow (sio ile ya Uskochi)

Shoga yangu, mambo? Najua umenuna. Voisi zako tatu nimezisikiliza zote nimekaa kwenye gari nje ya kazini, nikasema huyu nisipomwandikia vizuri ataniblok. Haya jibu lako hili: ndiyo nyumba ni yetu, na ndiyo kweli hatukutoa daunpeimenti, ile hela ya kutanguliza, hata senti. Mama nilipompigia kumwambia nimenunua nyumba Glasgow akauliza eti mmehamia Uingereza lini, ikabidi nimweleze kuna Glasgow ya huku Kentucky, Marekani, mji wa watu kama elfu 15, na kaunti yenyewe inaitwa Barren, yaani tasa, hapo ndo akanyamaza kabisa lol.

Mkopo wenyewe uko chini ya Wizara ya Kilimo, ile USDA. Mi nilidhani ni ya wenye ng'ombe na matrekta, kumbe tangu sheria ya nyumba ya 1949 wana fungu la kuwakopesha watu wa vijijini nyumba za kuishi na hulazimiki kulima hata bamia. Ziko njia mbili. Moja serikali inakukopesha yenyewe, hii ni ya wenye kipato kidogo, miaka 33, na riba wanaweza kukushushia mpaka asilimia 1. Ya pili unakopa benki ila serikali ndo mdhamini.

Sisi roho zetu zilikuwa kwenye ile ya asilimia 1, nani asiitake. Makaratasi safi, mshahara wangu na wa baba watoto tukijumlisha tunaingia. Afu dada wa ofisini akauliza mnaishi wangapi? Nikajibu haraka haraka, watano, sisi na watoto wawili na mpwa wangu. Ana miaka mingapi? 22. Anafanya kazi? Nikasema eeh, kiwandani, shifti ya usiku, tena kwa kujisifu! Kalamu ikasimama. Kumbe wanahesabu mshahara wa kila mtu mzima anayelala humo ndani hata kama jina lake halimo kwenye mkopo, hata kama hanunui chumvi. Angekuwa anasoma fultaimu karibu mshahara wake wote wasingeuhesabu. Tukazidi kipimo, basi, imeisha ivo.

Watu wakaanza ushauri wao, mseme kahama, mwandikieni anuani ya rafiki yake. Baba watoto akagoma, akasema hii ni fomu ya serikali naisaini kwa mkono wangu na mi nina grini kadi tu, siwezi. Na kumfukuza mtoto wa dada yangu ili nipate riba ndogo, ningemwambia nini dada? Kwa hiyo we kabla hujajaza chochote kaa chini uhesabu nani analala kwako, maana nakujua, kwako hapakosi mgeni wa miezi sita.

Tukaingia njia ya pili. Huko kipato kinaruhusiwa mpaka asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo, tukapita bila shida na mpwa wetu ndani. Nyumba dola 185,000, miaka 30, riba haibadiliki. Ada ya udhamini asilimia 1, yaani 1,850, wakaichomeka humo humo kwenye mkopo, afu kuna nyingine ya asilimia 0.35 kwa mwaka, kwetu inakuja kama dola 54 kila mwezi. Gharama za kufunga dili nyingi tukabanana na muuzaji akalipa yeye.

Ila usipende nyumba kabla hujaangalia ramani yao ya sehemu zinazohesabika ni kijijini, unaandika anuani inakwambia imo au haimo. Pale karibu na mji wa Bowling Green niliona kanyumba nikakapenda mpaka nikapanga mapazia kichwani, haimo! Jirani wa ng'ambo ya barabara yeye yumo.

Sasa kichekesho. Benki wanataka miezi miwili ya akaunti na kwangu iliingia 4,000 siku moja, zamu yangu ya mchezo. Wakataka barua ya maelezo. Mi nikaandika kwa Kiingereza changu cha haraka kuwa ni hela ya mchezo, kaka wa watu akadhani nacheza kamari. Ikabidi niandike upya, wanawake kumi, kila mwezi tunachanga, tunapokezana, na mweka hazina atie saini. Wiki nzima imepotea kwa neno moja.

Halafu akaja mthamini. Nyumba ya 1964, akapita nayo pole pole, kibaraza cha nyuma akakwangua nguzo kwa ukucha, rangi nyeupe ikadondoka vipande vipande kama ukoko wa wali. Nyumba za kabla ya 1978 rangi inaweza kuwa na madini ya risasi, ile sumu, kwa hiyo benki wakagoma mpaka ikwanguliwe na kupakwa upya. Muuzaji alinuna lakini alipaka. Tangi la choo tukalikagua kwa hela yetu, na usidharau hiyo, huku chini ni mapango matupu, lile pango kubwa la Mammoth Cave liko jirani tu, na 2014 pale Bowling Green ardhi ilititia ndani ya jumba la makumbusho ikameza magari nane ya Corvette. Mi kila nikiona kishimo uani naita baba watoto.

Basi njoo Pasaka. Mpwa wangu amechukua chumba cha mbele, utalala na watoto. Nyuma kuna uwanja wa kutosha, nimeshalima tuta mbili za mchicha, uniletee vipando vya matembele kutoka kwako, uvifunge na gazeti bichi. Na kwenye simu andika Glasgow, Kentucky, usije ukaanza kutafuta tiketi ya ndege.

Shoga ako