Wazazi Tuonyeshwe Wanakolala Watoto Wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wakuu wa vyuo vikuu vyetu, pamoja na wazazi wenzangu, kuhusu mahali wanapolala wanafunzi. Mzazi wa Uganda huuza ng'ombe, na wakati mwingine kipande cha shamba, ili mtoto asome, lakini mara nyingi hukanyaga chuoni kwa mara ya kwanza siku ya mahafali, akiwa amevaa kanzu au gomesi, wakati ambapo hakuna tena la kurekebisha.

Mimi sikutaka kungoja siku hiyo. Nilipanda basi la usiku kutoka Arua, na asubuhi binti yangu, aliye mwaka wa kwanza Makerere, akanipokea Wandegeya, mtaa ulio jirani na chuo, penye kaloli, wale korongo wakubwa, juu ya miti na wakaanga roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, chini yake (roleksi ya pale, lazima niseme, inaishinda ya kwetu). Alinitembeza kilimani, kilipo chuo, kwa fahari, akanionyesha Jengo Kuu lililojengwa upya baada ya kuungua Septemba 2020, na mabweni yenye majina ya Lumumba, Nkrumah na Mary Stuart. Kwa mtu wa rika langu, kukanyaga mahali aliposoma Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1940 si jambo dogo.

Lakini binti yangu halali kilimani. Tangu miaka ya 1990, chuo kilipoanza kupokea kwa wingi wanafunzi wanaojilipia, mabweni hayawatoshi, na wengi wao hupanga katika hosteli za watu binafsi Kikoni, Nakulabye na hapo hapo Wandegeya. Hosteli yake siitaji jina, kwa kuwa nyingine nilizochungulia mtaani hazikuwa na tofauti kubwa. Chumba chenyewe sikukilalamikia: kilikuwa safi, maji yalikuwa yanatoka, na dirisha lina nondo imara. Kilichonishinda ni mlango wa dharura mwishoni mwa ukumbi wa ghorofa ya tatu, uliofungwa kwa kufuli lenye kutu na kuzibwa kwa madumu ya maji. Nilipouliza ufunguo uko wapi, msimamizi, kijana mwenye adabu, alinijibu, "Mzee, tukiuacha wazi, wezi wa simu na kompyuta wanapitia hapo."

Sikumbishia, kwa sababu wizi upo. Hata hivyo, moto ukianzia kwenye ngazi, au katika chumba cha mwanafunzi anayepikia jiko la umeme chini ya kitanda, wale wa juu hawatakuwa na pa kutokea, kwani dirisha lina nondo na mlango una kufuli. Komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, ambalo humzuia mwizi wa nje bila kumfungia mtu ndani, si kitu kigeni wala cha bei ya kutisha ukilinganisha na kodi tunayolipa kila muhula.

Ninachoomba ni kwamba barua ya kujiunga na chuo iambatane na orodha ya hosteli zilizokaguliwa, ikionyesha ukaguzi ulifanyika lini na nani aliufanya. Sasa hivi mzazi aliye Arua, Kotido au Kisoro hutuma pesa ya kushika chumba kwa simu, pesa ambayo hairudishwi, kwa nyumba ambayo hajaona hata picha yake. Pia vyuo vitenge siku moja katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, wazazi tutembezwe mpaka kwenye hosteli hizo, na wenye nyumba wawepo watujibu maswali. Nauli tutajilipia wenyewe. Mwenye hosteli atakayekataa kukaguliwa asitiwe kwenye orodha, nasi tutajua pesa zetu tuzipeleke wapi.

Wasalaam,
Mzazi wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza,
Arua