Noël Browne hakuangushwa na maaskofu peke yao

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Noël Browne, waziri wa afya wa Ayalandi kati ya 1948 na 1951, inasomeka vizuri, lakini mmemchora kama mwanakondoo aliyeraruliwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki kwa sababu ya mpango wa matibabu ya bure kwa akina mama na watoto. Kisa chenyewe kina watu wengi zaidi, na baadhi yao walikuwa ndani ya chama chake.

Kwanza kifua kikuu. Mmeandika kwamba alikitokomeza. Hapana. Sheria ya kujenga hospitali kubwa za ugonjwa huo ilipitishwa 1945, yeye akiwa bado hajaingia bungeni. Mpango wa taifa uliochapishwa 1946 ulikuwa kazi ya daktari wa serikali, James Deeny. Chanjo ya BCG, hiyohiyo inayotuachia kovu mkononi, ilianza kutumiwa Dublin 1937 na daktari Dorothy Price. Alichofanya Browne ni kuharakisha, na hilo si dogo. Hospitali zilikuwa na mfuko uliojazwa na bahati nasibu ya mbio za farasi tangu 1930. Badala ya kuutumia kwa kudonoa riba, aliamua mtaji wenyewe uliwe. Badala ya kungoja majengo mapya yakamilike, yaliyokuwapo yaligeuzwa kuwa wodi. Kitanda kilikuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa: mgonjwa anayekohoa akilala chumba kimoja na watoto huwaambukiza, na kumtoa nyumbani ni kinga kabla hata ya kuwa tiba. Streptomaisini, dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo, nayo ilifika miaka hiyohiyo, ila ikitumiwa peke yake vijidudu huizoea upesi, kwa hiyo ililazimu kuichanganya na dawa nyingine. Wazazi wote wawili wa Browne walikufa kwa kifua kikuu, naye mwenyewe aliugua. Ndiyo maana hakuwa na subira, na kukosa subira huko ndiko kulikomponza baadaye.

Sasa Mpango wa Mama na Mtoto. Haukuwa wazo lake. Ulitokana na Sheria ya Afya ya 1947, iliyopitishwa na serikali ya chama cha Fianna Fáil, na maaskofu walikwisha kuilalamikia kwa faragha mwaka huohuo. Browne aliurithi: huduma bure kwa kila mama mjamzito na kila mtoto hadi miaka 16, bila kupima kipato cha mtu. Maneno hayo matano ya mwisho ndiyo yaliyoleta vita.

Waliokasirika zaidi, kwa maoni yangu, ni madaktari, ambao makala yenu imewapa sentensi moja tu. Daktari wa mtaani aliishi kwa ada za familia zenye uwezo. Maskini walikuwa na zahanati zao za bure. Ukisema hakuna kupima kipato, wale wanaolipa wanatoweka, na daktari anabaki kusubiri malipo ya serikali. Chama cha Madaktari kilikuwa tayari kuzungumza mpango wowote wenye kipimo cha kipato. Browne hakukubali.

Barua ya maaskofu ya tarehe 10 Oktoba 1950 iligusa hapohapo. Ilisema si sera njema kuitwika jamii nzima tiba ya serikali kwa ajili ya asilimia 10 wasio na uwezo. Kulikuwa pia na hofu kwamba maofisa wa serikali wangewafundisha wanawake mambo ya uzazi kinyume na imani. Siku iliyofuata Browne alikutana na Askofu Mkuu McQuaid na maaskofu wawili, akatoka akiamini mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Majibu yake ya maandishi yalilala kwa Waziri Mkuu Costello hadi mwishoni mwa Machi 1951, na hapo katikati Browne alishachapisha kijitabu cha kuutangaza mpango. Maaskofu walipoamua Aprili, walisema unapingana na mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii. Browne alikuwa amejiandaa kwa swali lingine: kama unapingana na mafundisho ya maadili, ambayo ndiyo aliyoona yanamfunga Mkatoliki. Hiyo tofauti mmeiruka, na bila yake msomaji hawezi kuelewa kwa nini alijiona hana kosa.

Aliyemtaka ajiuzulu alikuwa Seán MacBride, kiongozi wa chama chake mwenyewe, Clann na Poblachta. Alijiuzulu tarehe 11 Aprili, na kesho yake barua zote za siri zilikuwa katika gazeti la The Irish Times. Wala serikali haikuanguka siku hiyo kwa sababu hiyo, kama mlivyoandika. Ilikwama wabunge wa vijijini walipoondoa uungaji mkono kwa ajili ya bei ya maziwa. Katika uchaguzi wa Mei chama cha MacBride, kilichokuwa na viti 10, kilibaki na 2; Browne alirudi bungeni akiwa mgombea huru.

Miaka thelathini iliyofuata mmeipa aya moja ya vyama alivyopitia: Fianna Fáil, kisha chama alichokianzisha na Jack McQuillan, kisha Labour, kisha Socialist Labour. Hakuwa mtu wa kukaa na wenzake, tukubali. Lakini gazeti, tena gazeti, lingewezaje kusahau suala la gazeti la The Irish Press? Browne alipata hisa katika kampuni hiyo, na kwa kuwa mwenye hisa ana haki ya kukagua daftari la wanahisa, alilikagua. Akabaini kwamba Éamon de Valera, wakati huo Waziri Mkuu na pia msimamizi mkuu wa gazeti hilo, alikuwa amekusanya hisa nyingi kwa ajili ya familia yake. Hoja ililetwa bungeni mwishoni mwa 1958. Januari 1959, ilipokaribia kupigiwa kura, de Valera alitangaza kwamba anaachia uwaziri mkuu agombee urais.

Msomaji wenu,
Dublin