Msiifanye Msondo makumbusho: barua kwa wapenzi wa dansi wa Tanga

Wanangu na wajukuu zangu mnaokutana Ngamiani kuzungumza dansi, nanyi wenzangu wa rika langu mlioingia kwenye ubishi huu,

Salamu nyingi. Habari za mgawanyiko wenu zimenifikia mpaka huku Chumbageni. Kuna wanaosema Msondo Ngoma imeshakuwa bendi ya zilipendwa tu, watu wanalipa kiingilio kwenda kujikumbusha ujana wao. Kuna waliowaka kwa kauli hiyo, wakaiita utovu wa adabu kwa wakongwe, wakaongeza kwamba bendi ile haina haja ya wimbo mpya hata mmoja kwa kuwa za zamani zinatosha. Maneno yamekwenda mbali, hadi watu waliokuwa wakichangiana nauli kwenda dansini sasa wanapishana barabarani bila salamu. Hilo limeniuma, na ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Nitaanza na ninyi mnaoitetea bendi, maana ninyi ndio mnaonitia hofu zaidi.

Huyo kijana aliyeuliza ni lini mara ya mwisho tumetoka ukumbini tukiimba wimbo mpya wa Msondo hakumtukana mtu. Ameuliza swali la mpenzi anayetaka kuisikia bendi mwakani na mwaka utakaofuata. Ninyi mkamjibu: waacheni wazee wapige zile zile. Mnadhani mmewaheshimu. Mwanamuziki kuambiwa kwamba kazi yake ilikwisha miaka 30 iliyopita, na kilichobaki ni kuirudia mpaka afe, heshima iko wapi hapo?

Itazameni bendi yenyewe ilivyoishi. Ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika nayo ikabadili jina: JUWATA, kisha OTTU, hadi ikabaki na Msondo, jina la mtindo wake. Mwaka 1978 waimbaji Muhidini Gurumo na Hassan Bitchuka waliondoka na wenzao kwenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park, hiyo mnayoiita Sikinde. Bendi nyingine ingekufa palepale. Hii iliziba mapengo kwa sauti nyingine na tungo nyingine, na ushindani wa Msondo na Sikinde ukaipa nchi nyimbo ambazo leo mnazililia. Gurumo baadaye akarudi, akaimba mpaka uzeeni, Mungu akamchukua mwaka 2014. TX Moshi William, aliyetutoka mwaka 2006, aliimba vibao vilivyotikisa kumbi wakati bendi imeshapita miaka 30. Siku vilipotoka vilikuwa vigeni masikioni mwa watu, vikashindana na vya miaka ya 1970, vikapata nafasi yao. Leo mnaviweka kapu moja na vile vya Gurumo, mnasema vyote ni vya zamani. Kama wapenzi wa wakati ule wangeziba masikio, TX Moshi tungemjulia wapi?

Miaka ile msukumo wa kutunga ulikuwapo. Redio ilikuwa moja, ya taifa, na bendi ikiitwa studio ilikwenda na nyimbo mpya. Lakini kabla wimbo haujafika studio ulikuwa umeshapigwa ukumbini usiku baada ya usiku, na wapenzi wameshatoa hukumu yao kwa miguu. Wakiganda vitini, bendi inarudi mazoezini: kiitikio kinafupishwa, tarumbeta zinaingia mapema zaidi, mpiga solo anatafuta njia nyingine ya kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo mdundo unachangamka na watu wanacheza. Mtu aliyesimama mbele ya jukwaa na kutoa jasho alikuwa na sehemu yake katika wimbo, ingawa jina lake halikutajwa popote.

Sasa tazameni mnavyofanya siku hizi. Mwimbaji akisema, jamani, huu ni wimbo wetu mpya, nusu ya ukumbi inasimama kwenda kuagiza vinywaji, wengine wanatoka nje kupiga simu. Likilia gitaa la wimbo wa 1975, wote mnarudi mbio, noti zinatoka mifukoni, mnapanga foleni kwenda kutunza. Mwanamuziki ana watoto nyumbani, na anaiona fedha inakotokea. Akiamua kuacha kutunga, nani amemfundisha? Halafu ninyi ninyi mnakaa barazani kubishana kama bendi imekuwa ya zilipendwa.

Wa Tanga hatuhitaji kusimuliwa bendi inavyokufa. Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa wakati mmoja, na mashabiki wao walikuwa hawaivi chungu kimoja. Jamhuri ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, jina linalokumbusha watu wa bara waliofika mkoani kwa kazi za katani, na sahani za santuri za bendi hizi zilisikika Kenya kama zilivyosikika hapa. Katani ilipokuwa juu, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, mshahara wa mashambani na bandarini uliingia ukumbini kila mwisho wa mwezi. Kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakadorora, na mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi nzima haikufikisha hata tani 50,000. Wanamuziki wakafuata riziki Dar es Salaam. Najua uchumi ulichangia sana, sitaki kuwabebesha wapenzi mzigo wote. Lakini matokeo ni haya: leo hakuna anayeweza kubishana kama Atomic ni bendi ya zilipendwa, kwa kuwa Atomic haipo. Msondo ipo. Ubishi wenu wenyewe ni neema ambayo sisi wa Tanga tulishaipoteza kwa bendi zetu.

Na taarabu yetu je? Kundi letu la Black Star walipoingiza magitaa ya umeme na besi, wakati taarabu ya Unguja ilikuwa ya okestra kubwa ya fidla, udi na ganuni, walikuwa wanafanya jambo jipya kabisa. Shakila, mtoto wa Pangani, aliimba juu ya mdundo huo na sauti yake ikavuka mipaka. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ikakusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star ikazitoa kwenye albamu, Wazungu wakazinunua. Mimi nikizisikia hata leo nasisimka. Lakini kinachonisisimua humo ni ule ujasiri wa watu waliokataa kupiga kama walivyopigiwa. Anayetaka kuwaenzi Black Star kwa kukataza kipya hajawasikiliza vizuri.

Kuna mmoja wenu anayependa roki aliyeleta mfano wa Rolling Stones, akasema mbona wale wana miaka mingi kuliko Msondo na wanajaza viwanja kwa nyimbo za zamani. Ni kweli, walianza London mwaka 1962, miaka miwili kabla ya NUTA Jazz. Ila ukitoa mfano, utoe mzima. Baada ya albamu yao ya 2005 walikaa miaka 18 bila albamu nyingine ya nyimbo zao mpya. Katikati, mwaka 2016, walirekodi za bluzi za watu wengine. Mpiga ngoma wao, Charlie Watts, akafariki mwaka 2021. Hata hivyo mwaka 2023, Mick Jagger akiwa ameshatimiza miaka 80, walitoa albamu mpya. Hawakuwa na shida ya fedha, na walijua fika kwamba watu uwanjani wanangoja vibao vya miaka ya 1960. Walirudi studio.

Tena wale waliweza kungoja miaka 18 kwa sababu nyimbo zao za zamani zinawalipa wakiwa wamelala. Mwanamuziki wetu wa dansi anakula kiingilio cha mlangoni cha usiku ule. Nyimbo zake zimepigwa redioni maisha yake yote na hazikumjengea nyumba. Kijana wa bongofleva anaweza kutoa wimbo akiwa na prodyuza na kompyuta. Bendi ya dansi ni watu zaidi ya kumi, wana vyombo vya kusafirisha, wanahitaji kula na kulala. Kwa hiyo swali la kama bendi itatunga tena linaanzia pale mlangoni, kwa mtu anayelipa kiingilio na yule anayejipenyeza kwa kujuana. Wengine wenu mnaopiga kelele zaidi kuitetea Msondo ni wa kundi hili la pili. Mnajijua.

Sasa ninyi vijana mnaosema zilipendwa kwa dharau. Swali lenu nimelitetea, dharau siitetei. Muziki huu haukukaa kwenye karatasi. Namna gitaa la solo, la pili, la rizimu na besi yanavyopokezana bila kukanyagana inahama kutoka mkono hadi mkono, na kijana anayeingia kwenye bendi anajifunza kwa kupiga nyimbo hizo hizo za zamani mpaka vidole vijue. Ukimwona kijana wa umri wenu amesimama mahali alipokuwa akisimama mkongwe, akapiga wimbo wa 1973 na kuuongezea kitu chake kwenye chemko, umeshuhudia shule ikiendelea. Tazameni jukwaani kabla ya kutoa hukumu: kuna vijana wangapi, na wanaachiwa nafasi gani? Mimi kipimo changu ni hicho, kuliko idadi ya nyimbo za zamani zilizopigwa usiku huo. Bendi yenye vijana wanaoachiwa kuimba mistari ya mbele siichimbii kaburi.

Ninawaomba mambo machache. Mlioacha kusalimiana, yamalizeni hayo kabla ya Ijumaa. Mtu haachi kumjua ndugu yake kwa sababu ya dansi. Mnaojuana na watangazaji wa redio zetu za hapa, waombeni wapige wimbo mpya wa bendi angalau mmoja katika kipindi cha zilipendwa, na wautaje kuwa ni mpya. Wenye uwezo, Msondo au Sikinde wakija Tanga, kateni tiketi mapema ili mwenye ukumbi asiogope kuwaita tena.

Na siku hiyo, yule kijana aliyeuliza swali na yule mzee mwenzangu aliyemwita hana adabu watakaa meza moja na mimi. Viingilio vyao nitalipa mimi. Wimbo mpya ukitangazwa, nitakwenda kutunza nikiwa wa kwanza, na nataka nikigeuka niwaone wote wawili nyuma yangu.

Mzee wenu,
Chumbageni, Tanga